Maharage si chakula cha shida

Mjini wengi huamini kuwa asiyekula nyama hajala. Maharage tumewaachia wanafunzi wa bweni. Lakini je, mwili wenyewe unasemaje?

Protini yoyote, iwe ya samaki, ya yai au ya kunde, ikifika tumboni na kwenye utumbo hukatwakatwa hadi kuwa chembechembe ziitwazo asidi amino. Ziko aina 20, nazo ndizo hujenga misuli, ngozi, damu na kinga ya magonjwa. Aina 11 mwili huweza kuzitengeneza wenyewe, kwa kuchukua naitrojeni ya asidi moja na kuipachika penginepo. Zile 9 zilizobaki hauziwezi. Lazima zitoke kwenye chakula.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya ugali mtupu. Mahindi yana upungufu wa asidi iitwayo laisini. Ikipungua moja, ujenzi hukwama, sawa na fundi mwenye matofali na mchanga lakini hana saruji. Maharage yana laisini tele, ila yana uhaba wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kila kimoja humfidia mwenzake.

Je, zinazozidi huwekwa akiba? La. Mwili huweka akiba ya mafuta, si ya asidi amino. Ini huzivunja. Naitrojeni hutoka ikiwa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, kisha hugeuzwa kuwa urea na kutolewa na figo kwa mkojo. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1932 huko Ujerumani na Hans Krebs na Kurt Henseleit. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana huweza kuchanganyikiwa akili. Mabaki mengine huchomwa kuwa nguvu, au hugeuzwa kuwa sukari na mafuta.

Kwa hiyo kula kilo ya nyama siku ya mshahara, kisha kushindia ugali mtupu hadi mwisho wa mwezi, si kujenga mwili.

Anayeumia kwanza ni mtoto aliyeachishwa ziwa. Katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika habari za watoto wa namna hiyo waliolishwa uji wa mahindi wakavimba miguu. Ugonjwa huo ni kwashiorkor. Uji mtupu humshibisha mtoto bila kumjenga.

Mpenzi msikilizaji, kibaba cha maharage katika chungu leo, na kesho tena, kina thamani kuliko karamu ya mara moja.

Hadi wiki ijayo.