Doha na Mombasa: jinsi ya kupanga amri zisipotee vitani

Saa ya ukutani mjini Doha na ile ya Mombasa husoma sawasawa. Lakini ndugu wawili wanaocheza upande mmoja katika vita vya kompyuta, mmoja akiwa Qatar na mwingine Pwani ya Kenya, hutenganishwa na zaidi ya kilomita 3,000, na amri zao hazifiki papo hapo.

Kwa mfanyakazi wa zamu aliye Doha, usiku wa Alhamisi huenda ndio wakati pekee wa kukaa na mdogo wake. Jeshi likishindwa kutii, lawama huanza: nani hakuagiza?

Katika michezo ya mikakati kama StarCraft II, dawa ni foleni ya amri. Mchezaji hushikilia kitufe cha Shift, na kila anapobofya, agizo jipya hujipanga nyuma ya lililotangulia. Mjenzi mmoja aweza kuagizwa ajenge nyumba mbili, kisha arudi kuchimba madini, bwana wake akiwa ameshageukia vita upande mwingine wa ramani.

Agizo la kwanza litolewe bila Shift, ili lifute yaliyobaki ya zamani. Yanayofuata yote yatolewe kwa Shift. Kidole kikiteleza mara moja katikati, foleni nzima hufutika. Wengi hapo hulaumu mtandao, ilhali mtandao hauna kosa.

Amri isiyo na mwisho, kama vile kupiga doria, haifai kutangulia, kwani zilizo nyuma yake hazitafikiwa. Tena kila askari hubeba foleni yake mwenyewe. Wenye mbio hufika kwanza, wakapigana peke yao, wakafa. Afadhali jeshi lipewe mahali pa kukutania, na amri ya kushambulia itolewe baada ya wote kuwasili.

Na mtandao je?

Watengenezaji wa Age of Empires, mchezo uliotoka mwaka 1997, walikabili tatizo hilo enzi za modemu za simu. Kompyuta hazikutumiana mahali alipo kila askari, bali amri tu, na kila amri ilitekelezwa kwenye mashine zote kwa pamoja baada ya muda mfupi uliopangwa. Waligundua kuwa wachezaji hawakutambua ucheleweshaji wa robo sekunde. Kilichowaudhi ni ucheleweshaji unaobadilika-badilika.

Hapo foleni husaidia. Ikishapokelewa, hatua zake hufuatana ndani ya mchezo wenyewe bila kungoja kubofya kwingine kutoka Doha. Mawasiliano yakikatika kabisa, bila shaka, foleni haiokoi kitu.

Na hukatika. Mwanzoni mwa Februari 2008, siku chache baada ya nyaya kukatika karibu na Alexandria, Misri, waya wa baharini kati ya kisiwa cha Haloul cha Qatar na Das cha Umoja wa Falme za Kiarabu nao ulipata hitilafu. Wakati huo Mombasa ilitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 angani, ambako ujumbe kwenda na kurudi ulichukua kama nusu sekunde. Waya wa TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, ulifika mwaka 2009.