Kumbukumbu na Uainishaji katika Ufundishaji wa Fasihi Simulizi

Si ajabu kumpata mtahiniwa aliyekariri sifa zote za hurafa lakini anapopewa hadithi yenyewe asijue aiite nini. Wengi wetu humwita mzembe, au husema hana kumbukumbu. Utafiti kuhusu ukuaji wa mtoto unaelekeza kidole kwingine.

Mtoto anapokua, kinachobadilika sana ni mbinu zake za kukumbuka. Mwaka 1966, mwanasaikolojia Mmarekani John Flavell na wenzake walichunguza midomo ya watoto waliotakiwa kukumbuka picha. Wa miaka mitano waliorudiarudia majina ya picha hizo walikuwa wachache mno. Wa miaka kumi, wengi walifanya hivyo. Katika utafiti mwingine wa mwaka 1969, watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja walizipanga picha kwa makundi bila kuagizwa. Wadogo hawakuzipanga, ila walipoelekezwa waliweza, na wakakumbuka zaidi. Kumbe mtu anaweza kuwa na uwezo wa kuainisha na asiutumie!

Hata hivyo, umri pekee hautoshi. Michael Cole na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1971, walieleza jinsi Wakpelle wa Liberia walivyosomewa orodha ya vitu vya makundi manne: vyakula, nguo, zana na vyombo. Wasiosoma shule hawakuvikusanya kwa makundi, na kurudiwa kwa orodha hakukuwasaidia sana. Wenye elimu ya shule walivikusanya. Lakini vitu hivyo vilipotiwa ndani ya hadithi, wasiosoma nao walivikumbuka vyema, wakivipanga kama hadithi ilivyovipanga.

Tuyarudishe haya darasani. Badala ya kuanza na orodha ya sifa, mwalimu awape wanafunzi matini kumi zisizo na majina, wazigawe wenyewe, kisha kila kundi la wanafunzi litetee kigezo chake. Mabishano hayakosi. Ngano inayoeleza kwa nini fisi huchechemea ina wahusika wanyama, basi ni hurafa. Inaeleza chanzo cha jambo, basi ni usuli. Mtahiniwa akieleza kigezo alichotumia, jibu lake lina mashiko kuliko la aliyekariri jina moja.

Kuna pia mwanafunzi atakayeweka nyimbo za nyiso, majigambo na mawaidha pamoja kwa kuwa yote aliyasikia jandoni. Mwalimu asimkate alama upesi. Huyo ameainisha kwa muktadha wa uwasilishaji, na wazee waliozitunza kazi hizi hawakuzigawa kwa sura za kitabu. Aulizwe tu: kigezo kikiwa umbo, utazigawaje upya?