Punda Akifa, Mzigo Nani Aubebe?

Oktoba 2018, Larysa Switlyk, Mmarekani anayetangaza kipindi cha uwindaji kwenye televisheni, aliweka mtandaoni picha zake akitabasamu, bunduki mkononi, kando ya beberu mwenye pembe ndefu aliyempiga risasi kisiwani Islay, Scotland. Hakuwa simba wala nyati. Alikuwa mbuzi, wa ukoo uliotoka mazizini zamani ukaota usugu porini. Uingereza nzima ikawaka. Waziri Kiongozi wa Scotland wakati huo, Nicola Sturgeon, alisema anaielewa hasira ya watu, na serikali yake ikaahidi kuitazama upya sheria. Lakini sheria yenyewe haikuwa imevunjwa popote. Mbuzi mwitu wa visiwa vile hawalindwi na msimu wowote, hawana mnyama wa kuwawinda, na wenye ardhi huwapunguza kwa risasi mara kwa mara ili wasimalize miche na malisho. Beberu yuleyule angeuawa na mlinzi wa shamba asubuhi ileile, na hakuna gazeti ambalo lingeandika hata mstari. Kilichowachoma watu ni lile tabasamu.

Miaka hiyohiyo, mkoani Shinyanga, mnyama mwingine wa kufugwa alikuwa akichinjwa kwa mamia bila tabasamu la mtu yeyote na bila picha ya kumtia yeyote hasira. Kiwanda cha kampuni ya Fang Hua kilikuwa kikichinja punda, na Dodoma kilikuwapo kingine. Kilichotakiwa hasa ni ngozi. Watanzania wengi hawali nyama ya punda, kwa hiyo soko la buchani halikuwa sababu. Ngozi ilikwenda China, ambako huloweshwa, hukwanguliwa manyoya, kisha huchemshwa kwa muda mrefu hadi itoe gundi nzito. Gundi hiyo hukaushwa vipande vipande na kuuzwa kwa jina la ejiao. Wachina wameitumia kwa zaidi ya miaka 2,000 kama dawa ya kuongeza damu. Siku hizi hutiwa pia kwenye vitafunio na vipodozi, na tabaka la kati lililopanuka linaweza kuimudu. Shirika la Uingereza la kutetea punda, The Donkey Sanctuary, linakadiria kwamba biashara hii hula karibu punda milioni 6 kila mwaka duniani. China yenyewe ilikuwa na punda milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo hawafiki milioni 2. Walipopungua kwao, wanunuzi waligeukia Afrika.

Tukiwaweka beberu wa Islay na punda wa Shinyanga pamoja, tunaona jinsi mjadala wa kuua wanyama unavyopotoshwa na macho. Tunamlilia tuliyemwona kwenye picha, na tunampita tusiyemwona. Mtu mzima anayetaka kuamua kama mnyama fulani auawe au la hana budi kuuliza maswali mawili makavu: je, nyuma yake kuna wa kumrithi? Na kazi aliyokuwa akiifanya, nani ataibeba? Kwa maswali hayo, mbuzi wa Islay anaweza kuuawa, hata na mtu anayetuudhi. Punda wa Shinyanga hawezi.

Maswali haya hayampendelei punda kwa sababu ya macho yake ya upole. Kaskazini na magharibi mwa Australia, punda waliopelekwa na walowezi kubeba mizigo waliachwa walipokuja magari, wakazaliana hadi wakawa balaa la malisho, na serikali imewapiga risasi kutoka kwenye helikopta kwa miongo kadhaa. Marekani nayo imewalinda punda mwitu wake kwa sheria ya mwaka 1971. Mnyama ni mmoja, hukumu mbili, na zote zinaweza kutetewa, kwa sababu huko punda hana mwenyewe, wala hakuna kaya itakayolala bila maji akifa. Kwetu mambo ni tofauti.

Tuanze na urithi. Punda jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, ambaye huhitaji miaka miwili au mitatu kabla ya kufanya kazi ya maana. Mbuzi hubeba miezi mitano na mara nyingi huzaa mapacha. Atakayechinja punda kwa kasi ya kuchinja mbuzi anachota kisima kwa pampu huku maji yakiingia kwa tone. Kenya imetuonyesha matokeo. Kuanzia 2016 nchi hiyo iliruhusu machinjio manne: Baringo, Naivasha, Turkana na Machakos. Katika muda usiofika miaka mitatu yalichinja zaidi ya punda 300,000. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya huko, KALRO, ilitoa hesabu mwaka 2019: punda waliokuwa wakichinjwa kwa mwaka ni asilimia 5.1 ya wote, wakati waliozaliwa walikuwa asilimia 1 tu na kidogo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Sisi Watanzania tuna zaidi ya laki sita nchi nzima, dhidi ya ng'ombe zaidi ya milioni 30. Yaani tuna nusu tu ya kile walichobaki nacho Wakenya baada ya kupata hasara.

Sasa kazi. Shinyanga ni nchi kavu, na wilaya yake ya Kishapu ni kavu zaidi. Ni kweli bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele limefika Kahama na mjini Shinyanga tangu 2009, na ni mradi wa kujivunia, lakini bomba halifuati kila njia ya kijiji. Kaya iliyo mbali na kilula huweka gunia lililokunjwa mgongoni mwa punda ili kamba isimtoboe ngozi, kisha hufunga madumu mawili ya lita 20 kila upande. Hizo ni lita 80 kwa safari moja. Mwanamke anayebeba ndoo kichwani hubeba lita 20, kwa hiyo punda mmoja humwokoa na safari tatu. Punda huyohuyo hupeleka mahindi mashineni, huleta kuni, huvuta mkokoteni siku ya mnada. Ng'ombe wa plau anaweza kuvuta, lakini msimu wa kilimo hana nafasi, na msimu wa kiangazi amekonda au amepelekwa malishoni mbali. Waswahili husema punda afe mzigo ufike, na tumeirudia methali hiyo kwa kujichekea. Katika biashara ya ngozi punda hufa na mzigo haufiki. Hurudi kichwani kwa mama, au kwa binti ambaye saa hiyo angekuwa darasani.

Hoja ya kwanza ya anayepinga ni nzito, na huwa hatuijibu vizuri. Anasema: punda ni mali ya mfugaji, mfugaji ni masikini, mnunuzi ameleta fedha taslimu, ninyi wa mjini mna haki gani ya kumkataza kuuza? Ni kweli kwamba marufuku yoyote humnyima mtu chaguo. Lakini aliyeuza punda kwa bei ya juu aligundua mara moja kwamba hawezi kununua mwingine kwa bei ileile, kwa sababu kiwanda kilikuwa mnadani pamoja naye kikiwa na mfuko mkubwa zaidi. Na asiyetaka kuuza hakuachwa na chaguo lake pia. Nchini Kenya wizi wa punda ulienea, watu wakaamka na kukuta mizoga iliyochunwa ngozi vichakani. Biashara inayompa mmoja uhuru wa kuuza na kumpa jirani yake hofu ya kuibiwa haiwezi kujitetea kwa neno uhuru pekee.

Ya pili ni ya unafiki: mbona ng'ombe tunachinja kila siku? Msukuma anaweza kuijibu hiyo kabla ya kumaliza chai yake. Hakuna mwenye zizi anayechinja ng'ombe hadi zizi liwe tupu. Huuza madume na majike yaliyozeeka, huacha mitamba, na idadi ya ng'ombe nchini inaongezeka huku buchani nyama ikiuzwa. Anayekula matunda ya zizi si sawa na anayekula zizi lenyewe.

Ya tatu ni ajira. Kiwanda kiliajiri watu, kililipa ushuru, na waliokuwa wakipeleka punda walipata riziki. Wanaoshangilia marufuku mara nyingi hulipita jambo hili haraka. Hata hivyo, ajira hiyo ilikuwa na mwisho wake ndani yake: punda wakiisha, kiwanda hufungwa. Ndipo anakuja mwenye hoja ya nne na kusema basi tuwafuge kwa wingi, kama kuku. China ina fedha, wataalamu na ruzuku, na imekuwa ikihimiza ufugaji huo kwa miaka mingi. Bado inanunua ngozi nje. Kama mwenye soko mwenyewe hajaweza, wazo la kwamba mfugaji wa Kishapu ataweza linahitaji ushahidi ambao bado hatujauona.

Shinyanga kuna mfano wa karibu zaidi, nao uko ardhini. Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia makontena ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yasisafirishwe, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapima sampuli kutoka kwenye makontena yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam. Mtu anaweza kubishana na hesabu za kamati ile, na wengi wamebishana, lakini swali lililoulizwa lilikuwa halali: kinachotoka ni nini, kiasi gani, na nchi inabaki na nini? Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri wake wa asili. Ngozi za punda zilisafirishwa kutoka mkoa uleule wenye migodi hiyo, na swali kama lile halikuulizwa kwa sauti ileile. Tukumbuke pia kwamba dhahabu haizai. Mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021 kwa sababu mwisho wake ulijulikana. Punda huzaa, ila polepole. Kumfanyia biashara ya kasi ni kumgeuza kuwa madini kwa hiari yetu.

Hata uwindaji wa kitalii, ambao wengi wetu tunautilia shaka, una adabu ambayo biashara ya punda haikuwahi kuwa nayo. Katika Pori la Akiba la Maswa, lililokuwa ndani ya Shinyanga hadi Simiyu ilipojitenga mwaka 2012, na huko Moyowosi ambako wageni hufuata nyati na nzohe, mwindaji hulipia kitalu na kibali, hupewa mgawo, na hufuatana na mwindaji bingwa mwenye leseni. Kanuni zinataka simba dume awe ametimiza miaka 6 ndipo apigwe, na baada ya hapo fuvu na meno hukaguliwa kujua umri wake. Ngozi ya pundamilia ni nyara ya serikali. Ukikutwa nayo bila kibali unaweza kufungwa miaka mingi. Sisemi kwamba mfumo huo hauna mianya. Nchi ilifunga uwindaji kabisa kuanzia 1973 hadi 1978, na mabishano juu ya vitalu hayajaisha hadi leo. Lakini kwa simba tunakagua meno, na kwa punda, ambaye maelfu ya kaya humtegemea kila siku, hakuna aliyeuliza kama jike anayeingia machinjioni ana mimba.

Juni 2022 serikali ilisimamisha uchinjaji wa punda kwa miaka 10. Desemba mwaka huo Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima juu ya punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, waliafiki kusitisha uchinjaji kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Hatua hizi ni sahihi, lakini bado zinaweza kuvunjika. Kenya ilipiga marufuku Februari 2020 kwa amri ya waziri wa kilimo, Peter Munya. Mei 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaitengua, baada ya mmiliki mmoja wa machinjio kwenda kulalamika. Na hapa ndipo hoja ya mwisho ya wapinzani ina uzito: marufuku bila usimamizi huzalisha magendo, na ngozi iliyokaushwa hufungwa ndani ya gunia kama mzigo mwingine wowote.

Vifaa vya kuzuia hilo tunavyo tayari, ila vimewekwa kwa ajili ya ng'ombe. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 inaweza kumhesabu punda, na mpango wa hereni za kielektroniki ulimtaja pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, ingawa ulisuasua na kusimamishwa kabla ya kuanza upya. Ofisa mifugo anayetoa kibali cha kusafirisha ng'ombe kutoka mnada wa Mhunze, Kishapu, anaweza kutakiwa aeleze punda watano waliopakiwa kwenye lori wanakwenda wapi na kufanya nini. Marufuku ya Tanzania inakwisha mwaka 2032, miaka saba kabla ya ile ya Afrika. Wizara ikifika tarehe hiyo bila kujua kila wilaya ina majike mangapi na kila mwaka wanazaliwa wangapi, mnunuzi atakayebisha hodi ndiye atakayekuja na takwimu.