Somo la Redio: Kutoa na Kurudisha Tangi la Mafuta Katika Jahazi

Leo nitasema nanyi habari za tangi la mafuta katika jahazi la zamani lililotiwa injini ya dizeli. Wekeni penseli karibu, kwa maana leo kazi ya fundi na kazi ya kuandika zinakwenda pamoja.

Labda utauliza, "Kwa nini nilitoe tangi lisilovuja?" Tazama chini yake. Tangi la chuma hukaa karibu na ngama, yaani tumbo la chombo, mahali pasipokauka. Likilalia ubao wenye maji ya chumvi, huliwa na kutu upande usiouona. Ndani nako unyevu wa hewa hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini, na vijidudu huota hapo na kufanya uchafu mweusi wenye utelezi. Bahari ikichafuka, uchafu huinuka, huziba chujio, na injini huzimika. Hapo huenda uko karibu na mwamba, wala hakuna nafasi ya kutweka tanga.

Basi fuata hatua hizi.

Kwanza, pima. Huenda tangi liliwekwa kabla ya sitaha kupigiliwa. Pima tangi kwa uzi, kisha upime mlango. Kama halipiti, fungua mbao za sitaha ukizitia alama. Usikate boriti zilizo chini yake, maana hizo ndizo zinazoshika pande mbili za chombo.

Pili, andika. Funga kibandiko katika kila bomba: KWENDA, KURUDI, HEWA. La kwanza hupeleka mafuta kwenye injini, la pili huyarudisha, la tatu hupitisha hewa. Ukibadilisha mawili ya kwanza, injini yaweza kuvuta hewa badala ya mafuta. Neno moja juu ya karatasi litakuepusha na taabu hiyo.

Tatu, toa mafuta. Fungua milango yote, ondoa waya wa betri, na pasiwe na sigara wala taa ya moto. Nyonya mafuta kwa pampu ya mkono, uyatie katika madebe safi yenye vifuniko. Usijaribu kuinua tangi lenye mafuta: lita 100 za dizeli zina uzito wa kilo 84 hivi. Uchafu wa chini nao utie katika debe, usiumwage baharini.

Sasa sikilizeni vizuri. Tangi tupu si tupu. Masalio ya mafuta hubaki katika pembe zake. Moto wa kuchomelea ukiyapasha, hutoa mvuke, na mvuke ule ukiwaka, tangi hupasuka kama bomu. Watu wamekufa kwa kazi hiyo. Usilichomelee wala kulikata mwenyewe. Mpelekee fundi anayejua kusafisha matangi, umwambie lilikuwa na mafuta gani. Na kama kutu imekula sana, nunua jipya. Kiraka hapa, tundu pale.

Wakati wa kurudisha, usilikalishe tangi juu ya gunia wala zulia, maana hushika maji. Tumia vipande vya mpira mgumu, uache nafasi hewa ipite chini. Lifunge imara kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, lisicheze katika mawimbi. Tia mipira mipya na vibano vipya. Bomba la hewa lipande juu, na mdomo wake uelekee chini, maji ya bahari yasiingie.

Mwisho, tia mafuta kidogo, kisha pangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kikilowa, kaza tena. Toa hewa katika mabomba, uwashe injini, uiache ifanye kazi saa nzima ukiwa bado umetia nanga. Afadhali izimike bandarini kuliko mlangoni mwa mwamba.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini maji hukaa chini ya dizeli?
2. Kwa nini tangi tupu ni hatari?
3. Andika vibandiko vitatu vya mabomba.

Kwaherini.