Kamba moja au mbili katika mafunzo ya farasi

Huko Bunyakiri, Kivu Kusini, ambako mbuzi na ng'ombe hufahamika kuliko farasi, yafaa kueleza kwanza kwamba katika mafunzo haya farasi huzungushwa katika duara, mkufunzi akiwa katikati. Kamba moja, yenye urefu wa mita 7 hadi 10 hivi, hufungwa kwenye mikanda ya kichwani na huongoza kichwa tu, hivyo sehemu ya nyuma huweza kuteleza nje ya duara. Kamba ya pili hupita ubavuni na kuzunguka nyuma ya mapaja, ikiuweka mwili wote katika mwendo ulio sawa, tena humwezesha mkufunzi kumgeuza bila kumsimamisha. Hata hivyo, farasi asiyezoea kuguswa miguuni hushtuka na kupiga mateke. Kwake yeye, ni bora kuanza na kamba moja.