Soko la makombora yaliyofukuliwa Marekani

Makombora ya mizinga ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) bado yanafukuliwa mashambani, nayo yana soko lake lenye madalali, minada, maonyesho na vitabu vya kuyatambua. Tufe la medani ya Petersburg au Vicksburg likipimwa kwa kilo tu, litalipwa bei ya chuma chakavu. Kinachonunuliwa ni asili yake: lilichimbwa wapi, ni la upande gani, na nani anathibitisha hayo.

Uchimbaji ulishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vifaa vya jeshi vya kugundulia mabomu ya ardhini vilipouzwa kwa raia. Bidhaa ni za aina nyingi, maana vita vile viliikuta silaha ikibadilika. Mizinga ya kurusha matufe ilipigana pamoja na mipya yenye michirizi ndani ya mtutu, iliyorusha makombora marefu yenye ncha. Kaskazini walitegemea makombora ya Parrott, Hotchkiss na Schenkl. Kusini walikuwa na Read, na pia Whitworth ya Uingereza yenye pande sita, ambayo wakusanyaji huigombania. Kombora la Kusini mara nyingi huwa ghali zaidi, na fyuzi iliyobaki mahali pake huipandisha bei ya kombora lolote.

Feki hazikosekani. Nyingi ni matufe ya vinu vya kusagia mawe ya madini, au hata yale ya wanariadha. Mnunuzi mjanja huja na rula na mizani: tufe lisilo na uwazi la mzinga wa ratili 12 lina kipenyo cha sentimita 11.5 hivi na uzito wa kilo 5.6 hivi. Lisilolingana na kipimo chochote cha jeshi ni la kinu, hata likiwa na kutu ya kutisha.

Kutu nayo ina gharama. Chuma kilichonyonya chumvi ya udongo kwa miaka 150 kikianikwa tu hubanduka magamba. Hivyo hulowekwa katika maji ya magadi na kupitishiwa umeme mdogo kwa wiki kadhaa, kisha hupakwa nta. Ila kombora lenye uwazi lazima kwanza litobolewe na fundi aliye mbali nalo, baruti itolewe. Mwaka 2008 mkusanyaji mzoefu wa Virginia aliuawa na kombora alilokuwa akilisafisha nyumbani. Tundu la keekee halina aibu. La kuogopwa ni kombora lisilo nalo.

Mzigo mpya unazidi kuwa haba. Sheria ya 1979 inakataza kuchimba mabaki ya kale katika ardhi ya serikali kuu bila kibali, na shambani kwa mtu sharti mwenyewe aridhie. Kombora lililopatikana katika ardhi ya serikali kuu huko Little Round Top, Gettysburg, Februari 2023 halikufika sokoni: wanajeshi walilichukua wakalilipua.