Meya na maandamano yasiyoombewa kibali

Tangu nisome habari za Budapest, Hungary, kuna hoja moja ya meya wake inayonikera na kunivutia kwa pamoja: jiji likiandaa shughuli yake lenyewe, haliombi kibali cha polisi.

Machi 2025, wabunge wa Hungary wa upande wa Waziri Mkuu Viktor Orbán walipitisha sheria ya kuzuia maandamano ya Pride ya wapenzi wa jinsia moja, kwa hoja ya kuwalinda watoto. Atakayehudhuria atozwe faini hadi forinti 200,000, na kamera za kutambua sura zitumike kumbaini. Mwandaaji angeweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Meya Gergely Karácsony hakuishia kulalamika. Aliyachukua maandamano akayafanya ya jiji, akayafungamanisha na kumbukumbu ya askari wa Kisovieti kuondoka nchini humo mwaka 1991. Hoja yake, aliyoishikilia mpaka mwisho, ni nyepesi: shughuli ya manispaa haihitaji kibali, na ambacho hakikuombewa kibali hakina cha kuzuiwa. Polisi walipotangaza marufuku, alisema haina nguvu yoyote, kwani hakuna aliyewapelekea taarifa ya maandamano. Akawatuliza na wananchi: hakuna atakayeadhibiwa kwa kuhudhuria.

Juni 28 umati ulifurika, ukavuka Mto Danube kwa Daraja la Erzsébet. Waandaaji walikadiria watu zaidi ya laki moja. Polisi hawakuwatawanya, na Julai walitangaza kwamba waliohudhuria hawatachukuliwa hatua.

Meya huyu hakuwa na kura za kuchezea. Juni 2024 alitetea kiti chake kwa tofauti isiyofika kura 400, katika jiji la watu wapatao milioni 1.7. Péter Magyar, kiongozi wa upinzani aliyekuwa akiutazama uchaguzi mkuu wa 2026, alikaa mbali na maandamano hayo. Ilikuwa busara au woga? Na je, Karácsony naye angethubutu kama kiti chake kingekuwa kinapigiwa kura mwaka uleule? Sijapata jibu la kuniridhisha.

Gharama aliiona mapema. Agosti 2025 aliitwa kuhojiwa kama mtuhumiwa, akaenda na fulana yenye rangi za upinde wa mvua. Januari 2026 waendesha mashtaka walimshtaki, wakitaka atozwe faini bila kesi kusikilizwa. Yeye akasema anajivunia kuwa mshtakiwa.

Msomaji, una msimamo wako kuhusu maandamano yale, na sikuombi uubadili. Lakini mgombea wa udiwani au umeya akija kukuahidi kwamba atatetea haki ya watu kukusanyika, usimpigie makofi upesi. Muulize kwanza atafanya nini siku polisi watakapokataa.